Oscar, Daku na Mishono ya Sikukuu

Hosteli wananiita Bi Oscar. Sikuliomba jina hilo, ila sikulikataa. Kila Januari, majina ya wanaowania tuzo yakishatangazwa kule Marekani, nachukua daftari la mistari, nachora jedwali, naandika nani atashinda nini na nani atapita juu ya zulia jekundu na rangi gani. Watu wanacheka: Mpemba wa Vitongoji na Oscar, wapi na wapi? Kisha usiku wanakuja mmoja mmoja kulichungulia daftari, maana wamewekeana dau na hakuna anayetaka kuosha vyombo.

Dau letu ni vyombo vya chumba, wiki nzima. Fedha hatuweki, kamari ni haramu. Suala hili tulilipeleka mpaka kwa mwenzetu mmoja anayesoma sharia, akasema hata hivyo vyombo ana wasiwasi navyo. Halafu akaomba kalamu akaandika jina lake na yeye.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Filamu zote hizo umeziangalia?" Sijaziangalia. Bando langu halifiki huko, na nyingine hazijaletwa huku kabisa. Lakini kubashiri mshindi ni kazi moja na kupenda filamu ni kazi nyengine. Anayebashiri haulizi ipi nzuri. Anauliza: wanaopiga kura ni kina nani, wameona nini, na wameshapiga kura wapi kabla ya hapa?

Oscar hupigiwa kura na watu wa filamu wenyewe, karibu 10,000: waigizaji, waongozaji, wapiga picha, wahariri, mafundi wa mavazi. Kwenye kuteua, waigizaji huteua waigizaji, mafundi wa mavazi huteua mafundi wa mavazi. Kwenye duru ya mwisho kila mtu anapigia kila tuzo. Sasa watu hao hao, wengi wao, wamo pia kwenye vyama vyao vya kazi, na vyama hivyo hutoa tuzo zao wiki chache kabla. Kwa hiyo ukitazama chama cha waigizaji wamempa nani, cha waongozaji nani, cha watayarishaji nani, umeshaisikia sehemu ya kura kabla haijahesabiwa. Golden Globe zina kelele zaidi na nguo nzuri zaidi, lakini wapiga kura wake ni waandishi wa habari. Hao hawapigi kura kwenye Oscar.

Tuzo ya filamu bora ina hesabu yake ya peke yake. Mpiga kura hachagui moja, anazipanga: ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka kumi. Kama hakuna iliyopita nusu, ile ya mkiani inatolewa, na karatasi zake zinahamia kwenye chaguo linalofuata la wale waliokuwa wameiweka juu. Inaendelea hivyo mpaka ipatikane iliyovuka nusu. Waliowahi kugombea uongozi hapa chuoni watanielewa upesi. Kwa hesabu hii, mgombea anayependwa kufa na kambi moja na kuchukiwa na kambi mbili hashindi. Anashinda yule ambaye kila mtu anasema, "Kama si wetu, basi huyu hana ubaya."

Haya yote nimejifunza kwenye simu, lakini akili ya kuyafuata nimeipata kwa mamdogo wangu, ambaye hajui hata Oscar inatolewa mwezi gani.

Mamdogo ni fundi cherehani. Ukitoka Chake Chake ukaipita Wawi, ukashika njia inayokwenda mashariki kuelekea baharini, unafika kwetu. Kibanda chake kipo kando ya njia, kina cherehani mbili, moja ya kukanyaga na moja ya umeme, na ukuta mzima umejaa picha za mishono alizokata, alizochapishiwa, nyengine wateja wameziacha wakasahau kuzifuata. Kazi yake ya mwaka mzima inasimama juu ya miezi miwili, Ramadhani na Mfungo Mosi. Ramadhani anashona ya Sikukuu. Mfungo Mosi anashona ya harusi, maana sote tunajua mwezi ule harusi zinavyopangana. Kitambaa cha miezi hiyo hununuliwa mapema, kwa fedha ya kukopa kwenye kikundi chao cha hisa, na fedha hiyo hurudishwa Sikukuu ikishapita, kiuzwe kisiuzwe. Yaani kila mwaka, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, mamdogo anabashiri. Akikosea rangi, anabaki na mita hamsini za kitambaa na deni.

Na mie ninahusika. Hela yangu ya chumba ya muhula wa pili inatoka kwenye cherehani ile. Ndiyo maana sipendi mtu akisema mambo ya zulia jekundu ni upuuzi wa watoto wa kike wasio na kazi.

Kwani zulia jekundu linafika Vitongoji? Linafika, ila kwanza linachujwa. Gauni linalopita mbele ya kamera Los Angeles leo linaigizwa na washonaji wa abaya wa Dubai na Uturuki, linateremka Kariakoo na Darajani, ndipo mteja anakuja kibandani na picha kwenye simu: "Fundi, nataka kama hili." Mgongo wazi unabaki njiani, nahisi hata Dar haufiki. Mpasuo wa mguuni nao unashonwa ukafungwa. Kinachofika ni rangi, ni mkono wa nguo, ni shanga, na ni joho.

Joho la mabegani nitalisema kidogo, maana hapo ndipo Lupita Nyong'o anapoingia. Januari 2014, kwenye Golden Globe, alivaa gauni jekundu la Ralph Lauren lenye joho likining'inia mabegani. Nilikuwa darasa la tano na sikujua Golden Globe ni kitu gani, ila picha ile niliiona ukutani kwa mamdogo, kaikata gazetini. Gauni refu, shingo imefunikwa kiasi, joho juu: ukiongeza mikono na ushungi, umeshapata nguo ya kwendea harusini Pemba bila ya mtu kukutazama vibaya. Tuzo yenyewe usiku ule hakuipata, aliichukua Jennifer Lawrence. Lawrence akachukua na ya Uingereza, BAFTA. Lupita alikuwa na ya chama cha waigizaji na ya wahakiki. Leo nikilipanga jedwali la mwaka ule naona wawili wale walikuwa bega kwa bega, na aliyeufuata mkumbo wa Golden Globe aliosha vyombo: tarehe 2 Machi 2014, siku moja baada ya kutimiza miaka 31, Lupita alipanda jukwaani na gauni la Prada la buluu ya mbingu, rangi ambayo mwenyewe alisema inamkumbusha Nairobi. Mwaka uliofuata alivaa gauni la Calvin Klein lenye lulu kama 6,000. Gauni likaibwa hotelini, likapatikana siku mbili baadaye limetupwa chooni hapo hapo hotelini. Kwa mamdogo habari ya wizi ilipita sikio la kushoto. Yeye alichouliza ni lulu zile zimeshonwa moja moja au zimekuja kwenye utepe. Tangu siku hizo abaya za lulu kifuani na mikononi hazijatoka sokoni, na utepe wa lulu anaununua kwa bunda.

Sasa niseme ya mwaka 2025. Majina yalitoka tarehe 23 Januari, yalicheleweshwa kwa sababu ya moto uliounguza vitongoji vya Los Angeles (ndiyo, na wao wana vitongoji). Mie nilikuwa Unguja namalizia mitihani, na mamdogo alikuwa anataka kunitumia fedha nimnunulie kitambaa Darajani, nije nacho. Shilingi laki tano za kikundi. Akanipigia.

"Haya mwanangu, niambie. Mwaka huu rangi gani?"

Nikamwambia kijani. Kilichokoza, kama jani la mkarafuu. Na waridi pembeni. Nilikuwa na sababu yangu: miezi yote ile wacheza filamu wawili wa *Wicked*, Cynthia Erivo na Ariana Grande, walikuwa wakivaa kulingana na wahusika wao kila walikokwenda, mmoja kijani, mmoja waridi, London, Sydney, kila mahali. Wote wawili walikuwa wameteuliwa. Hapakuwa na haja ya utabiri pale: watakuja na kijani na waridi mpaka Oscar, na maduka yatafuata.

Nilisikia cherehani imesimama.

"Kijani nakikubali," akasema, "lakini si kwa ajili ya hao. Mfungo Mosi zipo harusi tatu hapa, na mbili bi harusi wake ni wa shangazi mmoja. Mama yule kijani anakipenda tangu nimjue. Sare ya harusi haichaguliwi na bi harusi, inachaguliwa na shangazi mtu."

Yaani ndiyo kile kile cha chama cha waigizaji. Nilicheka peke yangu kwenye ngazi za maktaba.

Mwenzangu wa chumbani, mtoto wa Dar, akadakia simu: "Mama, nunua na njano ile ya siagi, mwaka huu ndiyo yenyewe!" Mamdogo akamjibu kwa adabu zote, akamuuliza kama amewahi kufika Vitongoji wakati wa masika. Sikukuu ilikuwa inaangukia mwisho wa Machi, mvua zimeshaanza, na udongo wa kwetu mwekundu. Mtu akishuka kwenye gari na gauni la rangi ya siagi, hafiki mlangoni nalo. Mwenzangu alikuwa sahihi kwa dunia, maana mwaka ule rangi hiyo ilitamba kweli, na usiku wa Oscar Timothée Chalamet alikuja na suti ya njano hiyo hiyo. Lakini Chalamet hashuki kwenye gari za Vitongoji.

Nikanunua mita hamsini za krepu ya kijani na ishirini za waridi, mita shilingi 5,500. Hesabu ni 385,000. Iliyobaki ikenda kwenye utepe wa lulu, bitana, zipu, nyuzi na nauli ya boti.

Oscar yenyewe ilikuwa Jumapili tarehe 2 Machi kwa Marekani. Kwetu ilianza saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu, na Ramadhani ndiyo kwanza imeingia. Kwa mara ya kwanza maishani sikuhitaji kuweka kengele ya simu wala kujificha chini ya shuka: wapiga ngoma ya daku waliniamsha, nyumba nzima ilikuwa macho, jiko linawaka. Mtandao ulikuwa unasuasua, video haiendi, basi nilikuwa nasoma matokeo mstari kwa mstari na kuonesha picha zilipokubali kufunguka.

Binamu yangu, anayesoma uchumi Dar, naye alikuwa nyumbani, na yeye ndiye mpinzani wangu mkubwa. Filamu bora yeye aliweka *Conclave*, kwa sababu ilishinda BAFTA na waigizaji wote kwa pamoja walipewa tuzo na chama chao. Mie niliweka *Anora*. Golden Globe haikupata hata moja, ndiyo, lakini tarehe 8 Februari, usiku mmoja, waongozaji na watayarishaji wote waliipa yao. Na watayarishaji wanahesabu kwa kupanga, kama Oscar. Muigizaji bora wa kike yeye alikuwa na Demi Moore, mwenye Golden Globe, ya wahakiki na ya waigizaji. Kwa mtazamo wake tuzo tatu kwa moja, kazi imekwisha. Mie nilikuwa na Mikey Madison, binti wa miaka 25, mwenye BAFTA. Sababu yangu ni kuwa tangu mwaka 2016, baada ya zile lawama kwamba walioteuliwa ni weupe watupu, wameongeza wanachama wengi sana kutoka nje ya Marekani. Wapiga kura wa 2025 si wale wa 2014. Lawrence alikuwa na BAFTA akashindwa, lakini kura ya London imezidi uzito.

"Hiyo si hoja, hiyo ni ndoto," binamu akasema huku anajiongezea wali.

Bibi alikuwa anakunywa chai yake, anasikiliza. Bibi hajui Oscar, lakini Nargis anamjua kama jirani. Ujana wake wote ni picha za Kihindi. Nilipomwambia kuwa *Mother India* ya Nargis iliwahi kuteuliwa kuwania tuzo hii hii mwaka 1958, ikashindwa na filamu ya Kitaliano, alikasirika kana kwamba limetokea juzi. Nikamuonesha Chalamet. "Kijana huyu kavaa njano anakwenda kuolewa?" Nikamuonesha mamdogo Cynthia Erivo: kijani kilichokoza, mahameli. Hakusema kitu kwanza. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akaisogeza begani, akaisogeza kiunoni. "Mahameli nzito hiyo," akasema. "Kwa joto letu mtu atazimia. Lakini kijani ndicho." Ariana Grande alikuwa na waridi ya kufifia. Tuzo ya mavazi ikenda kwa Paul Tazewell wa *Wicked*, mwanamume mweusi wa kwanza kuipata, na nikamweleza mamdogo kuwa huyu ni fundi, kama yeye, kapewa tuzo kwa ufundi. Akaniuliza amelipwa kiasi gani.

Kisha bibi akauliza: "Na yetu ipo?"

Nilijua anachouliza. Waliosoma Kidato cha Tano na cha Sita wanaijua *Vuta N'Kuvute* ya Adam Shafi kwa sababu ya mtihani. Yasmin na Denge tumewachambua mpaka wakachoka wenyewe. Mwaka 2021 Amil Shivji akaifanya filamu, Kiswahili kitupu, Zanzibar ya miaka ya hamsini, mabuibui na vichochoro na siasa za kudai uhuru. Ikaoneshwa Toronto, na mwaka 2022 Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar ya filamu ya kimataifa. Kabla ya hapo nchi yetu ilipeleka *Maangamizi* mwaka 2001, filamu ya Martin Mhando na Ron Mulvihill. Mwaka ule wa 2022 ndipo nilipochora jedwali langu la kwanza la maana, nikaiandika *Vuta N'Kuvute* juu kabisa kwa mwandiko mzuri, na safu zake zote zikabaki tupu. Nilikaa nikazitazama. Si kwamba filamu mbaya. Kwenye tuzo ile kila nchi inaleta moja, na mwaka ule zilikuwa zaidi ya tisini. Wapiga kura wanaojitolea kwa kazi hiyo wanatakiwa wazitazame kabla ya kuchagua 15, halafu 5. Mtu ana kazi zake, ana watoto, kila siku anaalikwa kwenye maonesho yenye chakula na kuambiwa filamu ipi ndiyo inayozungumzwa. Wajerumani waliochukua tuzo, wenye *All Quiet on the Western Front*, walikuwa na Netflix nyuma yao. Sisi tulikuwa na filamu. Orodha ya 15 ilipotoka Desemba hatukuwamo, na sikushangaa, nami nilitamani sana nishangae.

Kwa hiyo nilimjibu bibi: "Yetu ilikwenda, bibi, lakini hatukuwa na shangazi." Mamdogo akacheka mpaka akapaliwa.

Binamu, ambaye hapendi nipate neno la mwisho, akaitaja *Watu Wote*. Hapo alikuwa na haki. Ile ni filamu fupi ya wanafunzi, wa chuo cha habari cha Hamburg, Ujerumani, iliyotengenezwa Kenya kwa Kiswahili na Kisomali. Inatokana na basi lililoshambuliwa karibu na Mandera Desemba 2015, ambapo abiria Waislamu walikataa kujitenga na wenzao Wakristo. Mwaka 2017 ikashinda Oscar ya wanafunzi, na mwaka 2018 ikateuliwa kwenye Oscar kubwa ya filamu fupi, ikashindwa na *The Silent Child*. Kiswahili chetu kimefika mpaka kwenye bahasha, kwa kazi ya shahada. Wanafunzi, nawaambia! Mlango wa wanafunzi hauhitaji matangazo ya barabarani Los Angeles. Hapa chuoni tunao wanaosoma habari na wanaosoma Kiswahili, kamera zipo stoo, na hadithi za Mandera na za Mkoani hazitofautiani sana kwa uzito. Sisi tunashindana kuosha vyombo.

Na jambo jengine linaloniudhi zaidi. Jahazi la Dhahabu, tuzo kubwa ya tamasha la filamu la Zanzibar, hutolewa Unguja, daladala moja tu kutoka chuoni, na filamu huoneshwa Ngome Kongwe kwenye kiwambo cha wazi, upepo wa bahari unakupiga usoni. Tamasha hili lilianza miaka ya tisini, limetuzidi umri sote hosteli. Sijawahi kuona mtu kawekea dau Jahazi la Dhahabu. Tunawajua wanaopiga kura Los Angeles kwa vyama vyao na miji yao, na hatujui mwaka jana hapa ameshinda nani. Nakubali, kulibashiri ni kugumu: waamuzi ni wachache, hawana vyama vinavyotangulia kutoa tuzo, jedwali langu halisaidii kitu. Dawa ni moja tu, kwenda kuziangalia filamu zenyewe. Labda ndiyo maana hakuna anayebashiri.

Adhana ya alfajiri ilitukuta hapo. Tulisali, watu wakarudi kulala, mie nikabaki barazani na simu. Saa kumi na mbili na nusu kulikuwa kumeshakucha, kuku wanapekua, ndipo ikaja: Mikey Madison, na gauni lake la Dior la waridi na jeusi. Dakika chache baadaye, *Anora*, filamu bora. Binamu alikuwa amelala. Nilimwandikia ujumbe wa neno moja: "Vyombo."

Ya mamdogo hayakwisha kirahisi hivyo. Kuanzia siku ile kijani kilishonwa usiku na mchana, na mie nikipiga pasi na kushona lulu. Kufikia kumi la pili la Ramadhani yule shangazi wa harusi mbili akatuma ujumbe: sare itakuwa zambarau. Si kijani. Zambarau, na kitambaa wameshaletewa na ndugu kutoka Muscat. Mamdogo hakusema na mtu siku mbili nzima. Miaka yote anamjua mama yule, anajua mpaka rangi ya mapazia yake, na hakuna dalili iliyotangulia. Mie nilianza kupiga hesabu ya chumba kimya kimya, nikaona nitahitaji kulala kwa rafiki.

Kilichotuokoa hakikuwamo kwenye jedwali la mtu yeyote. Walimu wanawake wa skuli moja ya jirani waliamua wavae sare Sikukuu, wote, na siku zimebaki chache, hakuna fundi mwenye kitambaa kimoja cha kutosha watu tisa. Mamdogo anacho. Walichukua tisa kwa mpigo, shilingi 40,000 kila gauni, wakataka lulu mikononi. Yaliyobaki ya kijani yakatoka moja moja, la mwisho usiku wa mwezi mwandamo. Waridi yalibaki matatu. Deni la kikundi likalipwa kwa siku yake, na chumba changu kikalipwa.

Nilimuuliza mamdogo baadaye, sasa mwakani atamtazama nani, shangazi au walimu? Akaniambia nisimsumbue, ana suruali ya mtu ya kupunguza.

Mwaka 2026 hesabu zote zinaanza upya. Wametangaza kuwa mpiga kura asiyezitazama filamu zote za tuzo fulani hataruhusiwa kuipigia kura ya mwisho. Nimeupenda uamuzi huo ingawa unaniharibia jedwali, maana mtu aliyeangalia kweli habashiriki kwa urahisi. Ipo na tuzo mpya, ya wanaochagua waigizaji, ambayo haina historia ya kuifuata. Na sherehe ni tarehe 15 Machi, kwetu usiku wa kuamkia tarehe 16, saa nane. Nimeangalia kalenda: ni kumi la mwisho la Ramadhani, usiku wa ishirini na sita au ishirini na saba, mwezi utakavyoandama. Bibi nimeshamwambia. Amesema simu yangu usiku ule atakaa nayo yeye.